KIDONDA CHA MGUU SI UVIVU, NA SINDANO SI DAWA YAKE



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za mishahara, nyumba na saa za kazi. Hayo ni mambo makubwa, wala siyapunguzi. Lakini liko jambo moja ambalo halitajwi mkutanoni, kwa maana wenye nalo hulificha chini ya suruali. Nataka kunena habari za kidonda cha mguu kisichopona. Sineni mkwaruzo wa leo unaopona kesho kutwa. Nanena kidonda kilichokaa miezi, pengine miaka, kinachotoa maji na harufu. Mwenyewe hukifunga kitambaa alfajiri kabla ya kwenda kazini, na jioni hukibandua kitambaa kile pamoja na nyama yake.

Neno langu ni moja tu. Kidonda cha namna hii mara nyingi chaweza kupona, lakini hakiponi kwa kupakwapakwa. Hupona kwa kutafutwa sababu yake, na kwa kutunzwa sawasawa kwa majuma mengi bila kukatizwa. Anayemnyima mfanya kazi utunzaji huo na muda huo ndiye anayekifuga kidonda, hata kama anamchoma sindano kila siku.

JINSI TUNAVYOTIBIWA

Mfanya kazi amegongwa na taruma kwenye muundi, au ameteleza juu ya kokoto akachubuka. Anakwenda zahanati. Kidonda kinaoshwa kwa spirti mpaka machozi yamtoke, kinanyunyiziwa unga wa dawa, kinafunikwa kipande cha shashi, naye anachomwa sindano. Anaambiwa, "Rudi kazini, uje tena Jumatatu." Jumatatu mambo ni yale yale. Sindano zikiisha anapewa vidonge, na vidonge vikiisha anapewa vingine vya rangi nyingine.

Miezi sita inapita. Hakuna mtu aliyemwuliza kama mguu huvimba jioni. Hakuna aliyemwambia avue na kiatu cha pili ili miguu yote miwili itazamwe. Hakuna aliyempima sukari. Hakuna aliyeweka vidole juu ya mguu wake kuona kama damu inapiga. Hakuna aliyechukua rula akapima kama kidonda kinakua au kinapungua.

Na kidonda kisipopona, kosa ni la mgonjwa. Karani asema, "Huyu hapendi kazi." Nyapara asema, "Huyu ni mchafu." Hata wenzake wa genge huhama benchi wakati wa chakula kwa ajili ya harufu. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Simlaumu dresa. Yeye naye ni mfanya kazi kama sisi, ana watu wengi mlangoni, na kabati lake lina shashi na spirti tu. Hawezi kutoa bendeji ambayo hakununuliwa. Namlaumu yule aliyekaa ofisini akaandika kwamba bendeji ni gharama, lakini sindano mia moja zisizo na faida si gharama.

NJIA IKIZAMA, TAFUTA MAJI

Sisi watu wa reli tunajua jambo hili kuliko wakubwa. Njia ikizama mahali pale pale kila mvua, kumwaga kokoto mpya juu yake ni kazi bure. Leo utainyosha, na wiki ijayo itazama tena. Nyapara mwenye akili huuliza: maji haya yanatoka wapi, na kwa nini hayaondoki? Kisha huchimba mfereji. Maji yakipata pa kwendea, reli inakaa.

Mguu ni vivyo hivyo. Damu hushuka miguuni kwa nguvu ya moyo, lakini kurudi juu ni kupanda mlima. Inapandishwa na nyama ya shavu la mguu, ambayo kila tukitembea huibana mishipa kama pampu. Ndani ya mishipa hiyo mna vilango vidogo vinavyozuia damu isirudi chini. Vilango hivi vyaweza kuharibika: kwa damu iliyoganda mguuni, kama itokeavyo pengine baada ya mfupa kuvunjika, kwa uja uzito, kwa unene, au kwa kurithi tu kutoka kwa wazazi. Vikiisha kuharibika, damu hutuama kifundoni. Na mtu mwenye kusimama mahali pamoja kutwa nzima, kama mlinzi wa geti au fundi wa karakana, pampu yake haifanyi kazi, na hali huzidi.

Dalili zake zinaonekana kwa macho. Mguu huvimba jioni, na asubuhi huwa umepungua. Mishipa hutuna na kujikunja kama nyoka. Ngozi juu ya kifundo, hasa upande wa ndani, huwasha, huwa nyeusi zaidi na ngumu kama ngozi ya ngoma. Mahali hapo ukitokea mkwaruzo mdogo tu, haufungi. Wawezaje kufunga nao umo katika kinamasi?

Huyu wa kinamasi mchome penisilini mwaka mzima, hutaona kitu. Shida yake si ukosefu wa dawa. Shida yake ni maji yasiyoondoka. Mfereji wake ni bendeji ya kubana, inayofungwa kuanzia penye vidole vya mguu mpaka chini ya goti, ikibana zaidi kifundoni na kulegea kidogo kidogo kupanda juu. Akikaa, mguu uinuliwe juu kuliko moyo. Akisimama, atembee, asisimame kama mlingoti. Bendeji hii si ile ya shashi ya kuzuia nzi. Ni bendeji nzito yenye kuvutika, nayo hufungwa na mtu aliyefundishwa.

SABABU SI MOJA

Lakini angalieni, ndugu zangu. Mtu asisome habari hii akaenda nyumbani kujifunga mpira mguuni. Viko vidonda ambavyo kubanwa ni kuvimaliza, na pengine kuupoteza mguu wenyewe.

Kwanza, yuko mtu ambaye mishipa yake inayoleta damu imeziba, hasa mvutaji sigara wa miaka mingi na mwenye kisukari. Mguu wake ni wa baridi, vidole vyake hupauka au huwa vyeusi, na usiku huuning'iniza kando ya kitanda ili maumivu yapungue. Huyu hana damu ya kutosha, nawe ukimbana unamnyima hata ile kidogo. Ndiyo maana kabla ya bendeji lazima mapigo ya mguu yatafutwe. Katika hospitali kubwa kiko chombo kidogo cha kusikilizia damu, ambacho hulinganisha nguvu ya damu ya mguuni na ile ya mkononi. Kipimo hicho si cha matajiri peke yao.

Pili, yuko mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi. Kokoto iliingia katika buti asubuhi, naye hakuijua mpaka jioni alipoona damu katika soksi. Mwenye ukoma naye ni hivyo. Daktari Paul Brand, aliyefika Vellore huko India mwaka 1946, alionyesha kwamba mwenye ukoma hapotezi vidole kwa sababu nyama yake inaoza yenyewe. Anavipoteza kwa sababu hasikii maumivu, anaendelea kukanyaga juu ya jeraha. Mguu ukitiwa katika plasta ngumu, kama ya mtu aliyevunjika, ili uzito uondoke penye kidonda, kidonda cha wayo hupona. Basi mtu wa namna hii dawa yake ya kwanza ni kuacha kukanyaga kidonda. Mwambie arudi kubeba mtaimbo, nawe umemwandikia kukatwa mguu.

Tatu, kuna ugonjwa wa damu uitwao selimundu, ambao wenzetu wa upande wa Ziwa na wa Pwani wanaujua sana. Huo nao huleta vidonda karibu na vifundo, vyenye maumivu makali na vizito kupona.

Nne, kuna kidonda cha nchi za joto, ambacho huanza na mchubuko mdogo kwenye muundi wa mtu asiyekula vizuri na anayekanyaga matope bila buti, kisha kwa siku chache huwa shimo lenye harufu mbaya. Hiki kikiwa kipya, penisilini na chakula na kupumzika hukiponya. Kikiachwa, huwa donda la miaka.

Tano, yako maradhi ya vijidudu vya jamaa ya kifua kikuu. Donda la Buruli lilipewa jina la wilaya ya Uganda, na tayari mwaka 1897 Daktari Albert Cook aliandika habari za vidonda vya namna hiyo katika hospitali ya Mengo. Hilo lina dawa zake maalum za kumeza, nazo humezwa kwa majuma 8.

Na mwisho, kidonda cha miaka mingi chaweza kugeuka kuwa saratani. Jambo hili limejulikana tangu karne ya kumi na tisa, na lina jina la Mfaransa Marjolin. Kidonda kikianza kuota nyama ngumu ukingoni, kikitoka damu ovyo, au kikikua ingawa kinatunzwa vizuri, lazima kipande kidogo kikatwe ukingoni na kupelekwa kupimwa.

Sasa niambieni. Hao wote ni watu mbalimbali na magonjwa mbalimbali. Kwa nini wote wanapewa sindano ile ile na unga ule ule?

YALIYOKWISHA KUJULIKANA

Wako watakaosema haya ni mambo mapya ya Ulaya yasiyotuhusu. Si mapya. Katika miaka ya 1880 daktari wa Hamburg aitwaye Paul Gerson Unna alitengeneza bendeji iliyopakwa uji wa zinki, inayokauka juu ya mguu kama soksi ngumu. Mgonjwa alikaa nayo siku nyingi akitembea na kufanya kazi zake. Hapo reli yetu ilikuwa haijaanza. Mwaka 1988 madaktari wa London walitoa hesabu ya bendeji ya tabaka nne: katika miguu 148 yenye vidonda vya mishipa, 110 ilipona katika majuma 12. Hiyo ni 74 katika kila 100. Mwaka 2018, tena huko Uingereza, ilionyeshwa kwamba ukiifunga mapema mishipa mibovu kwa njia ya kisasa, pamoja na bendeji, kidonda hupona upesi zaidi: kwa kadiri ya siku 56 badala ya 82.

Wengine husema, "Usikifunike, kiache kikauke kwa upepo." Hili nalo lilikwisha kupingwa. Mwaka 1962 George Winter, katika majaribio aliyoyafanya juu ya nguruwe, aliona kwamba jeraha lililofunikwa na kubaki na unyevu lilifunga ngozi mapema, karibu mara mbili ya lile lililoachwa likauke na kufanya gamba. Na spirti, na ile dawa inayotoa povu, huchoma nyama changa inayoota. Kila unapoimwaga humo, unaua mbegu uliyoipanda jana. Maji safi yaliyochemshwa yakapoa yanatosha kuoshea.

Na sindano je? Sisemi zitupwe. Ikiwa ngozi ya kando ina moto ukiigusa kwa mgongo wa mkono, uvimbe unaenea, maumivu yanazidi, na mtu ana homa, hapo vijidudu vimevamia mwili. Atibiwe siku hiyo hiyo, tena upesi. Lakini kila kidonda cha zamani kina vijidudu juu yake, kama kila njia ina vumbi. Kumpa mtu dawa za kuua vijidudu kila mwezi wakati hana dalili hizo hakufungi kidonda. Kunawafundisha vijidudu kuizoea dawa, na siku atakapoihitaji kweli haitamsaidia.

WASEMAYO WAAJIRI

Nimesikia majibu yao, nami nataka kuyajibu moja moja.

Wasema, "Mkiwapa watu kazi nyepesi kwa ajili ya kidonda, kila mtu atajifanya mgonjwa." Hili ni neno la kuchekesha. Maumivu ya kichwa mtu aweza kuyasingizia. Maumivu ya mgongo pia. Lakini kidonda ni ugonjwa usiosingizika. Kiko pale, kina urefu na upana. Chukua rula, andika kitabuni leo, andika tena Jumatatu ijayo. Mwajiri anayeogopa kudanganywa anunue rula.

Wasema, "Hakikutokea kazini." Wamejuaje, nao hawakuandika? Vidonda vingi huanza na mchubuko ambao hakuna aliyeutia maanani. Mataruma tunayobeba ni ya nani? Kokoto tunayotembea juu yake ni ya nani? Na aliyesimamishwa penye geti saa nyingi bila kiti, kiti hicho kilikuwa cha kununuliwa na nani?

Wasema, "Hakuna fedha." Bendeji nyingi za kubana hufuliwa, zikaanikwa, zikatumika tena. Lakini mtu aliyekatwa mguu haoteshi mwingine. Hesabuni gharama ya kumpoteza fundi wa miaka kumi na mitano, na kumfundisha kijana mahali pake, kisha mje mtuambie habari za bei ya bendeji.

Wasema, "Mna bima ya serikali, nendeni huko." Ni kweli, tangu Oktoba 2024 tunakatwa 2.75 kwa kila mia ya mshahara kwa ajili ya mfuko wa SHA uliochukua mahali pa NHIF. Tunakatwa hata tusipougua. Lakini mfuko hautampa mtu ruhusa ya kutoka kazini Jumatatu asubuhi kwenda kufungwa bendeji, wala hautamwekea kiti. Hayo yako mikononi mwa mwajiri peke yake.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Kazi ya 2007, katika fungu la 30, humpa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Jumla ni siku 14. Kidonda tulichokisema chataka majuma 12, yaani siku 84. Mwenye kusoma hesabu hata darasa la tatu ataona kwamba zinabaki 70.

Ndipo mwajiri anaposhika kichwa, asema tunataka kumfilisi. Hatutaki. Mwenye kidonda cha mishipa hahitaji kulala siku 84. Kutembea na bendeji yake ni sehemu ya matibabu. Anahitaji kazi ambayo si ya kusimama mahali pamoja wala ya kubeba chuma, mahali pa kuinulia mguu wakati wa mapumziko, na nusu siku kwa juma ya kwenda kufungwa upya. Nusu siku mara 12 ni siku 6. Sita, ndugu zangu! Hazifiki hata zile saba ambazo sheria imekwisha kuzitoa. Basi wanagombana nasi kwa ajili ya nini?

Mwenye kidonda cha wayo ndiye hasa wa kupumzishwa mguu, na huyo siku 14 hazimtoshi hata kidogo. Lakini tazameni neno la sheria: siku "zisizopungua". Sheria imeweka sakafu, haikuweka dari. Mapatano ya chama na mwajiri yaweza kuweka siku nyingi zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya chama.

Tena iko Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ni ya 2007. Ukiumia kazini, mwambie mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi. Yeye akishajua, anapaswa kupeleka habari kwa Mkurugenzi wa serikali katika siku 7. Madai ya fidia nayo yatolewe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Gharama za haki za matibabu ya jeraha hilo ni za mwajiri. Basi mchubuko mdogo usiuone mdogo. Uandikwe kitabuni siku hiyo hiyo, pamoja na saa na mahali. Mwaka ujao kitakapokuwa donda, karatasi ile ndiyo shahidi wako.

Tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za Msamaria. Alimfunga yule mtu majeraha yake, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia katika nyumba ya wageni, na kumwahidi mwenye nyumba kwamba gharama ikizidi ataimaliza atakaporudi. Hakusema, "Nalipa siku saba, ya nane atembee."

NA SISI WENYEWE

Sasa nataka kusema na wenzangu, nao wasinikasirikie.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wako wanaoficha mguu kwa kuogopa kuandikwa vibaya, mpaka siku ya kubebwa. Hofu hiyo najua ilikotoka, na chama kina wajibu wa kuiondoa. Lakini mtu akiificha hata kwa mjumbe wa chama, tutamtetea namna gani?

Wako wanaopasua vidonge na kunyunyiza unga wake ndani ya kidonda. Wako wanaopaka mafuta ya taa, majivu, tumbaku, au dawa ya chupa iliyonunuliwa kwa mwuzaji wa penye kituo cha basi, ambaye huahidi siku tatu na kesho yake hayupo. Fedha hiyo ingenunua mayai, maharagwe na samaki, vinavyojenga nyama mpya.

Na wako wanaosema kidonda kisichopona ni uchawi, au ni malipo ya dhambi. Reli hii ilipojengwa, tangu 1896 mpaka 1901, waliletwa Wahindi karibu 32,000. Karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wagonjwa au vilema. Katika maradhi yaliyowalaza tangu mwanzo, pamoja na malaria na kuhara, vidonda vya miguu vilikuwamo. Je, wote hao walirogwa? Walikuwa wakifanya kazi nzito katika matope, na chakula kibaya, na hakuna wa kuwatetea. Kidonda hiki kina umri wa reli yenyewe. Tusikipe umri zaidi.

TUNAYOYATAKA

Naomba mambo haya yapelekwe katika mkutano wa tawi, yapigiwe kura, na viongozi wetu wayaweke mezani mapatano yajayo:

1. Kila jeraha la mguu lililopatikana kazini liandikwe siku hiyo hiyo, na mfanya kazi apewe nakala.

2. Kidonda cha mguu kilichopita majuma 2 bila kupona kipimwe kwa utaratibu: miguu yote miwili itazamwe, mapigo ya damu yatafutwe, sukari ipimwe, na ukubwa wa kidonda uandikwe kwa rula kila juma.

3. Kila zahanati inayotibu wafanya kazi wetu iwe na bendeji za kubana, na iwe na dresa au nesi aliyefundishwa kuzifunga na kujua ni nani asiyefaa kufungwa.

4. Kidonda kisichopungua baada ya majuma 4 ya matibabu ya haki, mgonjwa apelekwe hospitali kubwa kwa gari la mwajiri, asiambiwe tena "uje Jumatatu".

5. Mwenye kidonda apewe kazi ya kumfaa kwa mshahara ule ule, na nusu siku kila juma ya kutibiwa bila kukatwa hata senti.

6. Mwenye kidonda cha wayo apumzishwe mpaka kifunge, na siku za kupumzika ziongezwe katika mapatano zaidi ya zile 14.

7. Buti nzuri, za kipimo cha mguu wa mtu, zitolewe kwa wote wa njia na karakana, na viti viwekwe penye mageti. Buti inayobana huleta kidonda kipya badala ya kukizuia.

8. Mtu asifukuzwe, wala asiitwe mvivu, kwa sababu ya kidonda.

Hakuna hata moja hapo lililo la ajabu. Yote yanajulikana, na mengine yamejulikana zaidi ya miaka mia moja. Kinachokosekana si elimu. Kinachokosekana ni mtu wa kumlazimisha mwenye fedha aitumie elimu hiyo kwa mguu wa mtu mdogo.

Mtu huyo ni chama. Na chama ni wewe unayesoma karatasi hii. Juma hili, mtafute mwenzako mwenye kitambaa chini ya suruali. Usimcheke, usihame benchi. Mwambie mjumbe wa tawi, kiandikwe, kipimwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwenzenu katika kazi,
MTU WA GENGE